Sura tatu za fizikia, mwaka mmoja wa ufadhili: shajara ya mradi, Januari hadi Agosti

8 Januari

Barua imefika leo asubuhi. Nimekubaliwa kuwa mfadhiliwa kwa miezi kumi na miwili, mimi kama mtu binafsi na si kwa niaba ya shule wala asasi yoyote, ili nitafsiri sura tatu za fizikia na kuzirekebisha zimfae mwanafunzi wa kidato cha kwanza na cha pili, ambaye amesoma sayansi kwa Kiswahili kwa miaka yote ya shule ya msingi na sasa anakutana nayo kwa Kiingereza. Nafundisha somo hili katika shule ya sekondari ya kata wilayani Muheza, na kila mwanzo wa mwaka nawaona watoto waliozoea kujibu maswali bila woga wakiwa wamenyamaza, macho yakiwa ubaoni na kalamu zikinakili wasichokielewa. Ndiyo sababu niliomba.

Jioni nilimweleza mjomba wangu, naye akauliza swali ambalo nimekwisha kuulizwa na watu wengi: "Kwa hiyo umesajili asasi?" Nikamjibu, "Hapana mjomba, ni mimi tu." Akatafakari kidogo, kisha akasema, "Sasa watampaje mtu mmoja hela bila ofisi?"

Swali lake ni la haki, kwa sababu fedha za wafadhili tulizozoea kuziona huku hupitia asasi yenye cheti, bodi, mhasibu na gari. Utaratibu wa kumfadhili mtu mwenyewe, hata hivyo, si mpya. Ashoka, iliyoanzishwa na Bill Drayton mwaka 1980, ilijengwa juu ya wazo la kumlipa posho mtu mwenye fikra ya kubadili jamii ili aache kuhangaikia riziki na kuishughulikia fikra hiyo. Afrika Kusini, taasisi ya Shuttleworth Foundation, ambayo Mark Shuttleworth aliianzisha mwaka 2001, ilianza mwaka 2007 kuwafadhili watu mmoja mmoja na kuongeza sharti ambalo ndilo kiini cha shajara hii, yaani uhuria. Mfadhiliwa alilipwa posho ya mwaka mzima, na mwaka huo uliweza kuongezwa; kwa kila fedha aliyoitia mwenyewe katika mradi wake, taasisi ilitia mara kumi au zaidi; kazi ilibaki kuwa mali yake. Lakini kila kilichotokana na fedha hizo, yawe maandishi, programu za kompyuta au michoro, kilipaswa kutolewa kwa leseni inayomruhusu mtu mwingine yeyote kukitumia na kukiendeleza. Taasisi hiyo haipokei tena wafadhiliwa wapya. Mfuko ulionikubali mimi ni mdogo kuliko ule, ila masharti yake yamefuata nyayo hizohizo, na mkataba unataka maendeleo yaandikwe mahali ambapo yeyote anaweza kuyasoma. Nimeona nilitimize sharti hilo kwa Kiswahili, ili mwalimu wa Masasi au Kasulu anayefikiria kuomba ufadhili wa namna hii aone kazi inavyokwenda na inapokwama.

23 Januari

Fedha za awamu ya kwanza zilifika benki siku nane zilizopita, zikazuiliwa. Afisa aliyenihudumia alitaka cheti cha usajili wa asasi, na nilipomwambia kwamba hakuna asasi, akataka barua ya kueleza kwa nini hakuna. Nimekwenda Tanga mjini mara tatu. Kilichosaidia hatimaye ni nakala ya mkataba yenye sahihi, pamoja na barua fupi ya mfuko inayotaja jina langu kama lilivyo kwenye kitambulisho na kueleza kwamba fedha ni posho ya mtu binafsi. Anayefuata nyuma yangu aiombe barua hiyo mapema, kabla fedha hazijatumwa.

19 Februari

Mkuu wa shule amekubali nipunguziwe vipindi, na sehemu ya posho inamlipa mwalimu wa muda aliyevichukua. Haya ndiyo matumizi makubwa kuliko yote katika bajeti yangu, wala siionei haya. Kompyuta ninayo, na vitabu vya kuanzia ni bure. Nilichokosa kwa miaka sita niliyoifikiria kazi hii ni saa nne za asubuhi, akili ikiwa bado haijachoka.

Vitabu ninavyotafsiri ni vya Siyavula, jina ambalo katika lugha za Kinguni, kama Kizulu, maana yake ni "tunafungua". Chimbuko lake ni mradi ulioanzishwa mwaka 2002 na wanafunzi wa shahada za juu wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Cape Town, akiwamo Mark Horner, waliotaka kuandika vitabu vya sayansi vya sekondari ambavyo mtoto yeyote angevipata bila malipo. Baadaye Horner akawa mmoja wa wafadhiliwa wa Shuttleworth, na mwaka 2012 serikali ya Afrika Kusini ilivichapa vitabu vya hisabati na sayansi vya madarasa ya 10 hadi 12 na kuvisambaza mashuleni. Vipo kwa Kiingereza na Kiafrikana. Nimechagua sura tatu za darasa la 10: sakiti za umeme, mwendo katika mstari mnyoofu, na nishati ya kimakanika.

Leo nimegundua kosa langu. Nilikuwa nimetafsiri kurasa kumi na moja za sura ya umeme kutoka faili nililolipakua zamani, na sikuwa nimesoma ukurasa wake wa leseni hadi mwisho. Vitabu hivi vina matoleo mawili yenye maudhui yaleyale. Toleo lenye nembo za wadhamini liko chini ya leseni ya CC BY-ND, mojawapo ya leseni za Creative Commons, ambayo inamruhusu mtu kunakili na kugawa lakini haimruhusu kutoa toleo lililobadilishwa, na kisheria tafsiri ni badiliko. Toleo lisilo na nembo liko chini ya CC BY, ambayo inaruhusu kunakili, kutafsiri, kubadilisha na hata kuuza, mradi mwenye kazi atajwe na mabadiliko yaonyeshwe. Mimi nilikuwa nafanyia kazi lile la kwanza. Nimepakua toleo la pili, nimelinganisha ukurasa kwa ukurasa, na namshukuru Mungu kwamba hakuna kilichopotea isipokuwa siku mbili. Lakini kama ningeyagundua haya baada ya kuchapa, mradi wote ungekuwa umesimama juu ya ruhusa ambayo sikupewa. Kwa hiyo nasema kwa msisitizo: kitabu kuwa bure hakumaanishi kwamba ni huria. Ukurasa wa leseni usomwe kabla ya ukurasa wa kwanza wa sura.

15 Machi

Wiki hizi zimekwenda kwenye maneno. Baadhi ya istilahi hazina mgogoro, kwani zimesanifiwa zamani na kamusi ya TUKI (Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili) ya biolojia, fizikia na kemia ya mwaka 1990 iko mezani kwangu. Ugumu upo pale neno la kamusi linapokutana na neno la sokoni, na mfano ulionichukua muda mrefu zaidi ni tungamo.

Mtoto anayetumwa dukani anajua kwamba mizani inapima uzito, na kwamba uzito wa sukari ni kilo mbili. Mwanafizikia anamwambia kwamba kilo ni kipimo cha tungamo, yaani kiasi cha maada kilichomo ndani ya kitu, na kwamba uzito ni kani, yaani nguvu, ambayo kwayo dunia inakivuta kitu hicho, nayo hupimwa kwa nyutoni. Kwa Kiingereza mwanafunzi anapewa maneno mawili yote mageni, anayakariri na kuyasahau pamoja. Kwa Kiswahili anapewa neno moja geni na lingine analolijua tangu utotoni likiwa na maana nyingine, na hapo mtafsiri akiwa mvivu anaongeza giza. Rasimu yangu ya kwanza ilitumia tungamo kuanzia mstari wa kwanza bila maelezo. Nimeifuta. Sasa sura ya nishati inaanzia dukani, kwenye mizani, inakiri kwamba muuza duka hakosei anaposema uzito kwa lugha ya kila siku, kisha inaonyesha kwa nini fizikia inahitaji kuyatenganisha mambo hayo mawili.

Mifano nayo imehama. Badala ya vitu ambavyo mtoto wa huku hajaviona, nimeweka nazi yenye tungamo la kilo 1.5 inayoanguka kutoka kwenye mnazi wenye kimo cha mita 12. Nishati tuli yake ni 1.5 × 9.8 × 12, yaani jouli 176.4, na ikifika chini, tukiacha ukinzani wa hewa, kasi yake ni kama mita 15.3 kwa sekunde, ambayo ni takriban kilomita 55 kwa saa. Kila mtoto wa pwani ameambiwa asikae chini ya mnazi. Sasa anaweza kukokotoa sababu.

20 Aprili

Masika imeanza kwa nguvu na umeme unakatika kila siku, hivyo nimeandika kwa mkono zaidi kuliko kwa kompyuta.

Jambo kubwa la mwezi huu ni michoro. Nilimwendea kijana mmoja mchoraji wa mabango hapa mjini, mwenye mkono mwepisi sana, nikamwonyesha orodha ya michoro ishirini na miwili. Tulikubaliana bei, lakini nilipofika kwenye kifungu cha leseni aliirudisha karatasi. "Mwalimu, nikikupa ruhusa hii, kesho mtu atachukua mchoro wangu akauweka kwenye fulana akauza. Mimi nitapata nini?"

Sikuwa na jibu la kumridhisha siku ile, na sikutaka kumdanganya, kwa sababu anachosema kinaweza kutokea na leseni inakiruhusu. Nilirudi baada ya siku tatu na mambo matatu. Kwanza, bei iliongezwa, kwa kuwa anayeuza mchoro na ruhusa ya wote kuutumia anauza kitu kikubwa kuliko mchoro. Pili, alipwe nusu kabla hajashika penseli. Tatu, jina lake liandikwe chini ya kila mchoro, na kifungu kihusu michoro hii ishirini na miwili pekee, wala kisiguse mabango yake wala kazi nyingine yoyote aliyowahi au atakayowahi kufanya. Alisoma mara mbili, akamwita kaka yake naye akasoma, kisha akatia sahihi.

Nimelifikiria sana jambo hili. Sisi tunaopewa posho tunaweza kusema maneno mazuri kuhusu maarifa huria kwa sababu chakula chetu cha mwezi kimekwisha kulipiwa. Mchoraji hana posho. Tukimtaka atoe kazi yake kwa masharti yaleyale tuliyoyakubali sisi, basi naye alipwe kama sisi tulivyolipwa, kabla na kwa ukamilifu. Ningependa mifuko ya namna hii iweke fungu hilo katika kila bajeti badala ya kumwachia mfadhiliwa alikate kwenye posho yake, kama nilivyofanya.

17 Mei

Taarifa ya robo imetumwa, ukurasa mmoja. Sura ya mwendo nimeisogeza hadi Septemba.

11 Juni

Leo nimejaribu sura ya umeme na wanafunzi kumi na wanne wa kidato cha pili waliobaki shuleni baada ya vipindi. Kila kikundi kilipewa betri mbili, waya, swichi, globu ndogo ya tochi na nakala ya kurasa nane. Amita, kifaa cha kupimia mkondo wa umeme, ilikuwa moja tu, tukaizungusha.

Kazi ilikuwa rahisi: pima mkondo kabla ya globu, kisha upime baada ya globu. Kabla ya kupima niliwauliza wanatarajia nini. Kumi na mmoja walisema mkondo utapungua baada ya globu. Nilitarajia watatu au wanne, kwa kuwa maelezo yote walikuwa wameyasoma. Kikundi cha kwanza kikapima, ampea 0.2. Wakahamisha amita upande wa pili, ampea 0.2. Msichana aliyeshika waya aliurudisha upande wa kwanza, akapima tena, akaurudisha upande wa pili, akapima tena. Kisha akaniuliza kwa sauti ya mtu aliyekasirika kidogo, "Mwalimu, sasa taa inakula nini?"

Swali hilo limenifungua macho. Kwa Kiswahili tunasema friji linakula umeme. Tunasema umeme umeisha pale uniti za LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, zinapokwisha. Mtoto aliyekulia katika maneno hayo anaiona taa kama mlaji na umeme kama chakula, na ni sawa kabisa kwake kutarajia kwamba kilichotoka baada ya mlaji kiwe kidogo kuliko kilichoingia. Kitabu cha asili hakikuandikwa kwa msomaji mwenye msemo huu. Tafsiri yangu, ambayo niliiona sahihi neno kwa neno, haikuugusa kabisa.

Nilimjibu kwamba kuna kitu taa inapokea kweli, nacho ni nishati. Chaji za umeme zinapita ndani ya globu na kutoka zote zilivyoingia, lakini zikipita zinaacha nishati, ambayo inageuka mwanga na joto. Uniti tunazonunua kwa LUKU ni za nishati, kilowati-saa, na hizo ndizo zinazokwisha. Akasema, "Kwa hiyo mkondo ni kama watu wanaopita sokoni, wanatoka wote ila hela wameziacha." Nimemwomba ruhusa ya kuutumia mfano huo, akakubali.

Nimeamua kuiandika upya sehemu hiyo yote, ianzie kwenye msemo wa kula umeme. Hii si tafsiri tena, na hapa naona masharti mawili ya mradi huu yakifanya kazi kwa pamoja. Leseni ya CC BY inaniruhusu kuachana na maandishi ya asili pale yasipomfikia msomaji wangu, mradi niseme wazi kwamba sehemu hiyo ni yangu. Na kwa kuwa fedha zilitolewa kwa mtu na si kwa jedwali la shughuli, sihitaji kumwandikia mtu barua ya kuomba kurekebisha jedwali ambalo lilisema "Juni: kuhariri." Nimeandika mistari miwili kwa msimamizi wangu wa mfuko, naye amejibu mstari mmoja: endelea.

29 Juni

Sura ya umeme na sura ya nishati zimewekwa mtandaoni kama rasimu, faili la kuchapa pamoja na faili la kuhariri. Hili la pili ni muhimu. Faili la kusomwa tu linamlazimu anayetaka kulisahihisha aanze kupiga chapa upya, na hapo ruhusa niliyompa inakuwa ya maneno matupu. Mwalimu wa Zanzibar amekwisha kunitumia masahihisho ya istilahi nne, matatu nimeyakubali. Kuhusu la nne bado tunabishana kwa heshima.

26 Julai

Jambo limetokea ambalo nililijua kwa nadharia. Mwanafunzi mmoja alikuja darasani na sura ya umeme iliyofungwa kwa jalada la plastiki. Nilimuuliza ameipata wapi. Ameinunua kwenye duka la kutoa kopi karibu na stendi, kwa shilingi elfu moja na mia tano. Nikaifungua. Ukurasa wa pili, wenye majina ya Siyavula, la mchoraji na langu pamoja na maelezo ya leseni, haukuwamo.

Nakiri kwamba niliumia, na usiku ule niliisoma tena ile leseni ya aina nyingine yenye kipengele cha kukataza biashara, nikijiuliza kama sikukosea. Asubuhi nikafanya hesabu. Nakala za kurasa hizo, kwa bei ya kopi mjini kwetu, pamoja na jalada, zinamgharimu mwenye duka karibu elfu moja. Anachopata ni kama mia tano kwa kazi ya kupakua, kuchapa, kupanga na kufunga. Wanafunzi wangu wengi hawana simu wala bando, na shule haina karatasi. Kama ningekataza biashara, duka hilo lisingeruhusiwa kuchapa hata nakala moja, na sura ingebaki mtandaoni ikisomwa na walimu. Aliyenikosea hakunikosea kwa kuuza. Alinikosea, na alimkosea mchoraji zaidi yangu, kwa kuondoa ukurasa wa majina, na hilo ndilo jambo ambalo leseni inalidai.

2 Agosti

Nimekwenda dukani. Nilijitambulisha, na mwenye duka, mama wa makamo, akasimama haraka akidhani nimekuja kumshtaki. "Karibu mwalimu, samahani sana, sikujua kina mwenyewe." Nikamwambia, "Mama, kuuza ni ruhusa yako, sijaja kwa hilo. Nimekuja kwa ajili ya ukurasa wa pili." Akaeleza kwamba aliuondoa ili kupunguza karatasi moja, kwa kuwa aliuona hauna somo. Nilimwonyesha jina la mchoraji. Akacheka kwa mshangao, kwani anamfahamu, ndiye aliyemchorea bango la duka.

Tumekubaliana maelezo yote ya ukurasa wa pili yaingizwe nyuma ya jalada, mahali pasipoongeza karatasi, nami nimemtengenezea faili lililopangwa hivyo palepale kwenye kompyuta yake. Alichapa nakala moja ya majaribio, akaigeuza kutazama nyuma, akaitoboa na kuifunga. Kisha akaniuliza sura ya mwendo itatoka lini, kwa sababu wanafunzi wa kidato cha pili wamekwisha kuiulizia. Nimemwambia Septemba, ameiandika kwenye daftari lake la oda.